Klachi Inayoshika Juu: Imekwisha, au Imehukumiwa Bure?

Mtu ananunua Corolla ya gia mjini Bukavu, anaiendesha kutoka Nyawera hadi Essence, na kabla jua halijazama ameshaona jambo linalomtia wasiwasi: pedali ya klachi inashika juu sana, wakati mguu umekaribia kuiachia kabisa. Anauliza. Fundi wa kwanza anamwambia, "Papa, ambreaji imekwisha," yaani klachi, ashushe gia boksi aweke mpya. Fundi wa pili anasema ni kurekebisha tu, spana mbili na dakika chache. Shoferi anayeteremka Luberizi na Uvira kila wiki anamshauri asitupe fedha, kwa kuwa klachi ambayo haijateleza ni nzima. Na mpenzi wa magari ya mashindano anamhakikishia kwamba klachi kali zote hushika juu, hiyo ni sifa wala si ugonjwa.

Gari ni moja, majibu ni manne, na kila jibu lina ukweli ndani yake. Ndiyo maana ubishi huu hauishi kwenye magaraji. Makosa yanaanzia mahali pamoja: watu wanahukumu uzima wa klachi kwa urefu wa pedali kabla ya kuuliza pedali hiyo imeunganishwa na klachi kwa njia gani. Swali hilo likiulizwa kwanza, nusu ya ubishi inakwisha. Nusu nyingine inahitaji kupimwa, na vipimo vyake havina gharama.

Barabara inayoamua bei ya kosa

Barabara ya Taifa namba 5 inatoka Bukavu, mji uliojengwa kwenye milima juu ya Ziwa Kivu, inapita Panzi, Nyantende na Nyangezi, kisha inashuka mteremko wa Ngomo hadi Kamanyola. Baada ya hapo ni tambarare ya Ruzizi: Luvungi, Bwegera, Luberizi, Sange, mpaka Uvira. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na wa Ziwa Tanganyika mita 773. Tofauti hiyo ya karibu mita 700 gari linailipa kwa sehemu kubwa pale Ngomo, kwenye barabara nyembamba yenye mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Lori likijitokeza kwenye kona, mmoja lazima asimame. Akishasimama ataondoka tena, na kila kuondoka mlimani ni kazi ya klachi. Wenye hati na uwezo wamezoea kuizunguka Ngomo kwa kupitia Rwanda, upande wa Bugarama, na kuingia tena Kamanyola. Wengine wote wanaipanda.

Kisha kuna vizuizi. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walihesabu vizuizi 798 katika barabara za Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Walikuwa wanachunguza kodi na watu wenye silaha, lakini mtu wa magari anaweza kuisoma hesabu hiyo kwa jicho lake: kizuizi ni kusimama, kusogea hatua mbili, kusimama tena, kisha kuondoka. Kilomita chache za namna hiyo zinachosha klachi kuliko safari ndefu ya lami. Na tangu vita vilipoingia Bukavu, Februari 2025, gari kufia njiani kati ya Kamanyola na Luberizi limekuwa jambo la usalama wa abiria, si la kuchelewa sokoni tu.

Kwa hiyo kosa lina bei pande zote mbili. Ukiamini klachi ni nzima kumbe imekwisha, unakwama Ngomo. Ukiamini imekwisha kumbe ni nzima, unashusha gia boksi bure, unatoa klachi ya kiwandani yenye maisha mengi mbele yake na kuweka spea ya soko ambayo huenda ni dhaifu kuliko ile uliyoitupa. Kosa hili la pili halizungumzwi sana, maana gari linatembea na mwenye gari anashukuru. Mimi naliona ndilo linalowaumiza wengi zaidi.

Kinachoshika na kinachoachia

Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili, linalozunguka wakati wote injini inapofanya kazi. Presha pleti imefungwa juu yake kwa boliti, na kati ya viwili hivyo kuna klachi pleti, ile diski yenye bitana pande zote mbili. Mguu ukiwa mbali na pedali, springi kubwa ya duara iliyomo ndani ya presha pleti inaibana diski kwenye flaiwili, na nguvu ya injini inapita kwenda gia boksi. Ukikanyaga, beringi ya klachi inasukuma vidole vya springi hiyo, mbano unalegea, diski inabaki huru. Mahali pa kushika ni pale ambapo, ukiwa unaachia, mbano unaanza kuiburuta diski tena.

Diski inapolika inakuwa nyembamba. Presha pleti inasogea karibu zaidi na flaiwili, na kwa kuwa springi imeegemea katikati yake, vidole vyake vinakwenda upande wa pili, vinaifuata beringi. Ukweli huu mmoja ndio uliozaa nadharia zote za mafundi. Vidole vikisogea milimita chache kuelekea beringi, kitu fulani katika njia kati ya beringi na mguu lazima kitoe nafasi. Kama kinachotoa nafasi ni kitu unachokihisi mguuni, pedali itakuambia kwamba diski inakwisha. Kama ni kitu usichokihisi, pedali itanyamaza.

Kuna jambo jingine ambalo madereva wa siku nyingi wanalijua kwa goti la kushoto bila kuelezwa. Kwa springi ya aina hii, diski inapopungua mbano hauanguki mara moja. Unaongezeka kidogo kwanza, halafu unashuka. Ndiyo sababu klachi iliyozeeka mara nyingi ni ngumu kukanyaga kuliko mpya. Ugumu unaokuja polepole, mwaka hadi mwaka, ni shahidi bora kuliko urefu wa pedali, na bado ni watu wachache wanaoutaja wanapofika garaji.

Wanaosema: ikishika juu imekwisha

Msimamo huu una wazee nyuma yake, na kwa magari yenye klachi ya waya uko sahihi kabisa. Pale waya unapovuta moja kwa moja foki inayosukuma beringi, urefu wake haubadiliki wenyewe. Vidole vikiikaribia beringi, ile nafasi ya bure ya mwanzo wa pedali inapungua, na mahali pa kushika panapanda. Siku nafasi ya bure inapoisha, beringi inakuwa imeegemea vidole wakati wote, mbano haukamiliki, klachi inateleza hata kama diski bado ina bitana. Motari wa Bukavu, yaani madereva wa pikipiki, wanaijua kanuni hii vizuri kwa sababu Boxer na TVS zao zinatumia waya: kadiri pleti zinavyolika ndivyo mkono wa klachi unavyopoteza ulegevu wake, na motari anauzungusha mrija wa kurekebishia mpaka ulegevu urudi. Vijana wengi waliojifunza ufundi walianzia kwenye pikipiki. Walipohamia kwenye magari waliihamisha na kanuni.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba gari nyingi wanazozihukumu si za waya. HiAce za abiria, Carina, Corolla nyingi, Land Cruiser: hizo zina masta silinda karibu na pedali na silinda ya pili chini kwenye gia boksi, na kati yao mafuta ya breki. Katika mfumo huo diski inapokonda, vidole vinaisukuma pistoni ya chini irudi ndani kidogo, na mafuta yaliyozidi yanapanda kurudi kwenye kikopo kupitia tundu dogo lililo ndani ya masta silinda. Mfumo umejirekebisha wenyewe. Pedali inaendelea kushika karibu palepale ilipokuwa ikishika gari likiwa jipya, na inaweza kufanya hivyo mpaka wiki ya mwisho ya maisha ya diski.

Zipo hata zinazojirekebisha ndani ya presha pleti yenyewe. LuK ya Ujerumani ilianza kuuza klachi za namna hiyo katika miaka ya 1990, zikiwa na pete inayojizungusha kidogo kila diski inapopungua ili vidole vibaki mahali pamoja. Kwenye gari kama hilo hata ule ugumu wa pedali hauongezeki. Anayesubiri pedali imwambie, atasubiri mpaka gari limsimamie mlimani.

Kwa hiyo mtu aliyenunua Corolla yenye klachi ya mafuta na kukuta inashika juu hajaonyeshwa lolote kuhusu diski. Huenda hivyo ndivyo mwenye gari wa kwanza alivyoirekebisha. Huenda presha pleti si ya gari hilo. Huenda pia diski imekwisha kweli, lakini ushahidi itabidi utoke kwingine.

Wanaosema: ni kurekebisha tu

Hapa pana ukweli mwingi, na hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukweli ni kwamba kila gari lina vipimo vyake vya pedali, na gari likishapita mikono mitano vipimo hivyo huwa vimepotea. Kwa magari mengi madogo ya Toyota, vitabu vya kiwanda vinataka nafasi ya bure ya milimita 5 hadi 15 mwanzoni mwa pedali, na ndani ya hiyo, fimbo inayosukuma masta silinda iwe na ulegevu wake mdogo wa milimita 1 hadi 5. Ulegevu wa fimbo unaupima kwa kidole: unabonyeza pedali taratibu, na kabla ya kukutana na uzito wa mafuta unasikia kifimbo kikigusa pistoni.

Hatari iko kwenye fimbo hiyohiyo. Tuchukue mkasa unaotokea mara kwa mara. Gari linaanza kulia gia ya nyuma inapoingizwa, na klachi inashika chini karibu na sakafu. Chanzo ni mpira wa silinda ya chini uliochoka, unaovujisha taratibu na kuingiza hewa. Dawa ni kubadilisha mpira au silinda, kisha kutoa hewa. Lakini spea haipo karibu na abiria wanasubiri, kwa hiyo mtu anaingia chini ya dashibodi, analegeza nati na kuirefusha fimbo. Pedali inapanda, gia zinaacha kulia, shoferi analipa na kuondoka akiwa na furaha.

Kilichofanyika ndani ya masta silinda hakionekani. Fimbo iliyorefushwa kupita kiasi inaifanya pistoni isirudi hadi mwisho, na mpira wake unaliziba lile tundu la kurudishia mafuta. Sasa mfumo hauwezi tena kujirekebisha. Diski ikilika kidogo, mafuta hayana pa kurudi. Injini ikipata moto kwenye mpando, mafuta yaliyofungiwa yanatanuka na kuisukuma beringi yenyewe, bila mguu wowote kwenye pedali. Mbano unapungua, klachi inaanza kuteleza katikati ya Ngomo, harufu ya bitana inajaa ndani ya gari. Wakifika Bukavu hukumu ni ileile: imekwisha. Gia boksi inashushwa, na diski inayotoka ina bitana nzuri iliyobabuka kwa moto wa saa mbili tu.

Kwa mkasa huu, aliyesema "rekebisha" na aliyesema "imekwisha" wamekosea wote wawili, na wa kwanza ndiye aliyemtengenezea wa pili ushahidi. Kurekebisha ni kurudisha kipimo kilichopotea. Kutumia fimbo kuficha mvujo si kurekebisha, ni kuuhamisha ugonjwa kutoka silinda ya bei nafuu kwenda klachi ya bei ghali. Ishara yake ni rahisi: kama pedali imekuwa ikishuka, au kikopo cha mafuta kinapungua, au ukipiga pedali mara tatu haraka inapanda kuliko ukiikanyaga mara moja, tafuta mvujo na hewa kabla ya kugusa nati yoyote.

Wanaosema: isipoteleza haijafa

Huu ndio msimamo wa mashoferi, na kwa upande wa ushahidi una nguvu kuliko yote, kwa sababu kuteleza ndiko kushindwa kwenyewe. Unaendesha gia ya nne au ya tano kwa mwendo wa wastani, unakanyaga mafuta hadi chini. Injini ikipandisha sauti ghafla bila mwendo kuongezeka, mbano hautoshi. Gia ya juu ndiyo inayofaa kwa sababu gari linaongeza mwendo polepole, na nguvu yote ya injini inapita kwenye diski kwa muda mrefu.

Barabara hii ina jambo lake la pekee katika kipimo hicho. Injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo Bukavu injini ni dhaifu, na klachi iliyo ukingoni inaweza kuimudu. Gari likishuka tambarare ya Ruzizi, chini ya mita 1,000, injini inapata tena asilimia chache za nguvu, barabara imenyooka, dereva anaweka gia ya juu na kukanyaga. Klachi ambayo haikuteleza mjini inaweza kuonyesha dalili ya kwanza karibu na Luberizi, na shoferi akadhani tambarare ndiyo iliyoiharibu. Anayetaka kuipima klachi kwa haki aipime chini, si juu. Kwa gari la turbo tofauti hii ni ndogo, kwa kuwa turbo inafidia hewa.

Kasoro ya msimamo wa mashoferi ni kuchelewa. Siku klachi inapoteleza waziwazi, vichwa vya riveti vinaweza kuwa vimeshafika kwenye chuma. Toyota huweka kikomo cha kina cha riveti kuwa milimita 0.3, chini ya hapo diski inatupwa, maana riveti zikianza kuchora flaiwili na presha pleti, kazi iliyokuwa ya diski moja inakuwa ya seti nzima pamoja na flaiwili kupelekwa kuchongwa. Zaidi ya hayo, kuteleza hakumaanishi diski imekwisha. Sili ya nyuma ya krenki ikivuja, mafuta ya injini yanalowesha bitana, na diski yenye unene kamili inateleza. Ukibadilisha klachi ukaiacha sili, utarudi palepale.

Na kipimo chenyewe kinakula. Wapo wanaovuta breki ya mkono, wanaweka gia ya tatu na kuachia klachi huku wamekanyaga mafuta ili waone injini ikizima. Mara moja, kwa sekunde moja, inafaa. Kuirudia mbele ya kila mnunuzi ni kuichoma klachi ya gari unalotaka kuliuza.

Yale ya magari ya mashindano

Upande huu wa Afrika una historia ya kutosha ya Safari Rally kumfanya kijana aiote Impreza: Colin McRae alishinda nayo Kenya mwaka 1997, Richard Burns mwaka 2000. Kutoka kwenye ulimwengu huo yamekuja madai kwamba klachi ya gari la mwendo kasi hushika juu na kwa ghafla, na kwamba hiyo ndiyo dalili ya ubora.

Hilo la kushika kwa ghafla ni la kweli. Gari la michezo lina springi kali na mara nyingi flaiwili nyepesi, kwa hiyo eneo la kushika ni fupi. Mguu una milimita chache za kuamua. Mwenye kuzoea HiAce akiingia humo atazimisha injini au ataruka nalo. Lakini kimo cha mahali pa kushika ni suala la vipimo vya pedali, sawa na kwenye gari jingine lolote. Ufupi wa eneo na kimo chake ni vitu viwili, na hapo ndipo mashabiki wanapochanganya.

Magari haya pia yanaonyesha jinsi ilivyo hatari kubeba kanuni moja kila mahali. Impreza za turbo za miaka ya 1990, zile za gia tano, zilitumia klachi ambayo beringi yake inavuta vidole badala ya kuvisukuma. Humo diski inapokonda vidole vinakwenda kinyume, vinaingia ndani kuelekea injini. Fundi anayekumbuka tu kwamba vidole hutoka nje atasoma ushahidi kichwa chini. Nissan 370Z nayo ina silinda ya chini iliyozunguka shafti ndani ya gamba la gia boksi. Ikivuja, pedali inalala sakafuni na diski haina kosa, ila kuifikia silinda lazima gia boksi itoke.

Jambo la tatu linawahusu wenye magari ya kuvuta magurudumu yote manne, ya michezo au ya shamba. Gari la kuvuta magurudumu mawili likiondoka kwa nguvu kwenye changarawe, tairi zinazunguka bure na klachi inapumua. Lenye manne linashika ardhi, na kinachobaki kuteleza ni klachi. Kufunga presha pleti kali ya mashindano ili kulizuia hilo kunaongeza uzito wa pedali na kuhamishia mshtuko kwenye gia na shafti. Kwa mtu anayepanda Ngomo na magunia ya mihogo, hiyo si dawa ninayoweza kuipendekeza.

Kinachokula klachi hasa

Ubishi wa pedali umeficha swali lenye faida zaidi, yaani joto. Klachi inalika pale tu pande mbili zinapozunguka kwa mwendo tofauti. Chukua gari la kilo 1,500 kwenye mpando wa asilimia 10, dereva analishikilia kwa klachi bila breki, injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika. Ukipiga hesabu kwa uwiano wa kawaida wa gia ya kwanza, diski inageuza karibu kilowati 5 kuwa joto, sawa na pasi tano za umeme zilizowashwa ndani ya gamba lililofungwa. Sekunde 10 za kungoja lori lipite namna hiyo zinatoa joto takriban mara sita ya kuondoka mara moja kwenye tambarare. Breki ya mkono ingefanya kazi hiyo bila gharama.

Mguu unaopumzishwa juu ya pedali ni mwizi wa pili, kwa sababu unaigusisha beringi na vidole safari nzima. Diski iliyobandikwa bitana upya ni jambo la tatu: ikitoka nene kuliko ya kiwandani, klachi haikati vizuri, gia zinalia, na mtu anaanza tena kuigusa ile fimbo.

Kuna desturi moja lazima isemwe waziwazi. Wapo wanaoshuka Ngomo wakiwa wamekanyaga klachi au wameweka huru, wakiamini wanaipumzisha na kubana mafuta. Klachi iliyoachiwa kabisa haitelezi, kwa hiyo hailiki. Kinachopotea ni nguvu ya injini ya kulizuia gari, na mzigo wote unahamia kwenye breki mpaka zinapata moto na kuacha kushika. Hakuna diski inayostahili kuokolewa kwa bei hiyo.

Mizani

Nikizipima hoja hizi, naanza na kukataa urefu wa pedali kama ushahidi unaojitegemea. Kilicho na maana ni mabadiliko yake. Pedali iliyoshika juu tangu siku ya kwanza na haijasogea ni tabia ya gari. Iliyopanda ndani ya miezi michache kwenye gari la waya inasema diski imekonda au waya unahitaji kulegezwa, na ikirekebishwa ikapanda tena upesi, diski ndiyo. Iliyoshuka kwenye gari la mafuta inasema mvujo au hewa, na karibu kamwe haisemi diski. Iliyopanda kwenye gari la mafuta inapeleka jicho kwenye fimbo ya masta silinda kwanza.

Kipimo kinachonishawishi kuliko vyote ni kimoja cha vitabu vya Toyota ambacho hakihitaji kifaa zaidi ya rula. Gari likiwa tambarare, breki ya mkono imevutwa na magurudumu yamewekewa mawe, injini inazunguka polepole. Bila kukanyaga klachi, unasogeza mkono wa gia taratibu kuelekea gia ya nyuma mpaka meno yaanze kulia, kisha unakanyaga pedali polepole. Pale kelele inapokoma ndipo klachi ilipoachia. Kutoka hapo hadi mwisho wa pedali panatakiwa pabaki milimita 25 au zaidi. Zikibaki, upande wa kuachia ni mzima, na anayekuambia ubadilishe silinda lazima akuonyeshe mvujo. Upande wa kushika unapimwa kwa gia ya juu kwenye tambarare, mara moja. Fundi anayefanya vipimo hivi viwili kabla ya kuchukua spana anastahili kulipwa kwa vipimo hivyo hata kama hakufungua boliti moja. Wateja tumezoea kulipia spea na kukataa kulipia uchunguzi, na kwa kufanya hivyo tunamsukuma fundi ashushe gia boksi ili apate haki yake.

Gia boksi ikishashuka kwa sababu halali, ubahili unabadilika maana. Kazi kubwa imeshalipwa, kwa hiyo diski, presha pleti na beringi zibadilishwe pamoja, sili ya nyuma ya krenki ikaguliwe, na flaiwili ipitiwe kwa kidole kutafuta michoro na madoa ya bluu yaliyoachwa na joto. Beringi ya zamani ikirudishwa ikaanza kulia baada ya mwezi, kazi yote inarudiwa. Klachi mpya nayo inahitaji kilomita mia kadhaa za kuondoka kwa upole kabla ya mzigo mzito, na mahali pa kushika patahama kidogo katika kipindi hicho.

Shoferi aliyeko Luberizi na gari lililoteleza mara moja leo asubuhi, na lazima arudi Bukavu, ana uamuzi mgumu zaidi. Kwanza aangalie kikopo cha mafuta na ulegevu wa fimbo. Kama ulegevu haupo, kuurudisha kunaweza kuwa ndiyo tiba yote. Kama upo na klachi bado inateleza, apunguze abiria na mzigo, apande alfajiri na mapema lori zisipokuwa nyingi, atumie gia ya chini akiwa ameachia pedali kabisa, asisimame mpandoni isipokuwa kwa breki ya mkono. Harufu ya bitana ikianza, asimame mahali pana na kuacha joto lishuke kwa muda wa kutosha. Ikiwa gari linateleza hata tambarare kwa gia ya tatu, lisipandishwe Ngomo. Gia boksi ishushwe hukohuko Luberizi au Kamanyola, hata kama spea italazimika kusubiriwa siku mbili.